Mawifi Watatu na Jina Moja

Sogeeni karibu. Nina kesi, hakimu sina, nawaletea ninyi.

Kibamba, pembezoni mwa Dar es Salaam, aliishi mwanamke aitwaye Siwema. Mumewe, Ambakisye, alifia kwenye foleni. Alishikwa na moyo asubuhi, akapakiwa garini, gari likakwama katikati ya malori hadi pumzi ikamwishia, na paa la hospitali wanaliona. Siwema alikuwa na mimba changa. Msibani hakulia. Watu walimwambia pole, akaitikia "Nimeshapoa," akajisikia kama ni mtu mwingine aliyejibu. Tangu hapo alikula bila kuonja, akalala bila kupumzika.

Dada watatu wa marehemu wakahamia kwake kumtunza. Kila mmoja alikuwa na lake. Bupe alikuwa na jicho la kuchagua. Hata nyanya hainunui bila kuigeuza. Atuganile alikuwa hodari wa usukani, lakini ndiye aliyeendesha siku ile kaka yao alipokufa, na hakugusa ufunguo tena. Tumpale, mkubwa wao, alikuwa na mikono isiyochoka. Mtoto hakujaliwa.

"Foleni haitatuchukua mara ya pili," alisema Bupe, akashuka Kariakoo kutafuta kishikwambi cha kiganjani. Huku akaonyeshwa chenye kioo kipana, kule chenye kamera kali. Yeye akauliza yake: "Kinatunza tarehe za kliniki? Kwa setilaiti kitaniambia niko wapi? Na foleni kinayoonyesha ni ya sasa hivi, au ya jana?" Akaingia duka hili, akatoka lile, siku nyingi akirudi mikono mitupu.

"Mwenzetu ananunua, au anaposa?" Atuganile alimtania.

Mwisho akakipata. Alimwonyesha Siwema barabara nyekundu zilizoziba na za kijani zinazopitika. Siwema akatazama, akasema, "Kizuri," akageukia ukutani.

Mtoto alikuja kabla ya tarehe, adhuhuri, pale pale sebuleni. Wa kike, na akalia vizuri. Ila damu ya mama ikakataa kukatika.

Bupe akafungua kishikwambi. Barabara kuu ilikuwa nyekundu tupu. Lori lilikuwa limepinduka. Akatafuta, akapata njia ya ndani inayozunguka nyuma ya mabonde. "Tusiende kule!" akasema. "Tukiingia kule ni yale yale ya kaka."

Atuganile alikuwa amesimama mlangoni. "Mimi siendeshi."

"Mdogo wangu," Tumpale akamwambia, "nani mwingine?"

Atuganile akachukua ufunguo, wakampakia Siwema garini. Kishikwambi kiliijua njia, lakini mvua ya jana hakikuijua. Walipofika kwenye kijito, daraja lilikuwa limeliwa nusu. Atuganile akashuka, akapima maji kwa fimbo, akatafuta upande wenye mawe, akarudi garini. Gari liliyumba, likainamia upande mmoja, likatoka ng'ambo.

Nyuma, Tumpale alikuwa amemlaza mtoto kwenye ziwa la mama, naye akikanda tumbo la Siwema bila kuacha, kama muuguzi alivyomwelekeza kwenye simu. Jasho lilimdondoka kidevuni.

"Wifi, usinilalie! Jana tulikula nini?"

"Sijui."

"Ndizi. Nani alipika?"

"Wewe."

Siwema hakusikia maumivu, wala hofu. Aliposikia jina lake likiitwa, alidhani anaitwa jirani.

Baadaye, hospitalini, damu ilipokuwa imedhibitiwa, daktari aliwaambia mawifi, "Njia nyingine ingemuua. Dereva mwoga angemuua. Na mngeacha kukanda, mngeniletea maiti."

Jioni mama mkwe akapiga simu kutoka Tukuyu. "Siwema mwanangu, mtoto aitwe jina la aliyewaokoa. Jina moja tu. Mjukuu wangu asiitwe kama kamati."

Simu ilikuwa na sauti kubwa, wote wakasikia. Bupe ndiye aliyeanza. "Mlinicheka, lakini bila jicho langu mngekuwa nyuma ya lile lori mpaka sasa."

Tumpale alikuwa akijisugua viganja vilivyovimba. "Mimi sina wa kuniita mama, wifi. Jina langu nitazikwa nalo."

Atuganile hakusogea kutoka dirishani. "Siombi. Ila nyumbani kwetu wakinitaja, wanataja kifo cha kaka. Jina langu lingeitwa pia kwa furaha, labda ningelala."

Siwema akawatazama mmoja mmoja. Alijua anapaswa kumpenda mmoja wao kuliko wengine, angalau kwa saa hii. Akajipapasa moyoni, akakuta ganzi kote, sawasawa. Mtoto akajinyoosha kifuani pake, akatulia. Alikuwa mzito, na wa moto.

"Mwanangu, bado upo?" mama mkwe akauliza.

"Nipo, Mama."

"Basi niambie. Anaitwa nani?"

Mawifi wote watatu waliinamisha macho. Hakuna aliyetaka kuonekana anatazama mdomo wa Siwema.

Bupe aliiona njia, Atuganile akaipita, Tumpale akamfikisha akiwa hai. Msiniambie wote, maana bibi amekataa. Wewe uliyenyamaza hapo, je, ungempa mtoto jina la nani? Na hao wawili uliowaacha, ungewatazamaje usoni?