Ubao Uliokunywa Pombe ya Matanga

Mpo? Semeni mpo, nami niseme walikuwepo. Na wewe uliyeachama huko nyuma, funga mdomo. Nzi wa mlimani hawapigi hodi.

Walikuwepo watu wa mlimani, zamani ile gari moshi halijajulikana hata kwa jina. Walikuwa na mwindaji wao, Mkwizu, na Mkwizu alikuwa na bunduki aliyoipata kwa wasafiri wa pembe za ndovu: mitutu miwili imelala ubavu kwa ubavu kama mapacha, kitako cha kuegemeza begani, na chini ya mitutu ubao mfupi wa kushikia kwa mkono wa kushoto. Mkwizu akafa. Kwa homa, si kwa chui, msianze kuota.

Desturi yao ilikuwa hivi: mwindaji akifa, bunduki yake hufunguliwa. Mitutu ikalale kwa ndugu, kitako kwa mjomba, ubao kwa mjane. Isipofunguliwa, mwenyewe huendelea kuwinda. Na mfu hachagui mnyama.

Lakini desturi ilikuwa pia kwamba kila anayekuja kuhani aimwagie bunduki pombe ya miwa, ili marehemu anywe na wenzake. Na Mkwizu alipendwa! Akaja huyu, akamimina. Ubao ukanywa. Akaja yule, akamimina. Ubao ukanywa. Hata waliomsengenya wakamimina, tena wao ndio waliojaza kata. Siku ya kuifungua ilipofika, Mshitu, mdogo wake marehemu, akabonyeza kimeno cha chuma kinachoushika ubao, akavuta. Wapi! Umeng'ang'ania mitutu kama kupe kwenye sikio la mbwa.

Jioni ile, jua likizama, mlio ukatoka msituni. Tuu! Na bunduki iko palepale mkekani, haina hata risasi. Kulipokucha, mbuzi wa Nakiete, yule mjane, akakutwa amekufa, hana jeraha, macho wazi.

Jioni iliyofuata, tuu! Ng'ombe. Iliyofuata tena, tuu! Mbwa, pale pale mlangoni, karibu na ngozi aliyolazwa Naetwe, mtoto mchanga wa Nakiete. Hapo kila mtu akajua zamu inayofuata ni ya nani. Kila mtu akajua, na kila mtu akatazama kando.

“Amekasirika,” wazee wakasema. “Mmiminieni nyingine.”

Wakammiminia. Ubao ukanywa. Mshitu akaleta nyundo.

“Weka chini hiyo nyundo, shemeji,” Nakiete akasema. “Ukiupasua, utakuwa umemfungua au umemchokoza?”

“Basi fungua wewe, mama mjuaji!”

Nakiete akaishika. Chuma kilikuwa baridi. Ubao ulikuwa na joto, joto la mahali palipotoka kushikwa sasa hivi. Nywele zikamsimama, lakini hakuuachia. Akaunusa.

“Ninyi mkitaka mpini wa jembe ukaze, mnafanyaje?”

“Tunauloweka,” Mshitu akasema.

“Na huu mmeufanya nini tangu msiba?”

Nakiete akawatoa nje wote, wao na vibuyu vyao. Akaiweka bunduki uchagani juu ya meko, moto mdogo, moshi wa polepole. Akayeyusha mafuta ya kondoo, akayapaka pale ubao unapokutana na chuma, akayaacha yajipenyeze. Mtoto mgongoni, hakumtua.

Jua likazama. Tuu! Safari hii si msituni. Migombani, nyuma ya nyumba. Naetwe akaangua kilio.

Akainua macho uchagani. Kwenye mafuta, juu ya ubao, palikuwa na alama za vidole vya mkono wa kushoto, vinene kuliko vyake.

Akaishusha bunduki. Akabonyeza kimeno, akavuta. Ubao ukasogea kidogo, ukarudi. Akavuta tena. Ukarudi. Upande wa pili palikuwa na mtu anayeuvuta. Mgongoni, Naetwe akaacha kulia, akawa baridi.

“Mkwizu, baba Naetwe,” Nakiete akasema, wala hakunong'ona. “Pombe imekwisha. Watu wamerudi mashambani. Nani hubaki karamuni kata ikikauka? Achia. Huyu ni mwanao, si digidigi.”

Mlangoni kitu kikavuta pumzi. Kisha ubao ukamjia mkononi taratibu, kama jino la mtoto lililokwisha kulegea. Naetwe akapiga chafya, akadai ziwa.

Mlio haukusikika tena. Matanga yakaondolewa, na Mshitu akaja na mitutu begani, pamoja na kitako alichokiomba kwa mjomba.

“Lete ubao, mke wa kaka. Tuunganishe, nirithi.”

“Kula makande kwanza.”

Akala, akalamba vidole. “Yameiva vizuri. Haya, ubao.”

Nakiete akaonyesha jikoni kwa kidevu. “Ndio ulioyaivisha.”

Mshitu akageuka. Moshi wa ubao haukupanda uchagani. Ulitoka mlangoni chinichini, ukapita katikati ya migomba, ukashika njia ya msituni kama mtu anayeijua.

Basi sikieni. Mfu mlilieni, mzikeni, kisha acheni kumjazia kata. Mgeni asiyeagwa hukaa, na akikaa hutaka kula.

Kisa kimeingia ndani, mlango nimeufunga. Nendeni mkalale, na nisisikie mtu akiomba kusindikizwa chooni.