Dakika Arobaini Angani

Kuna vifo viwili ambavyo mtu anaweza kufa huku bado anakula, anavaa na kuitikia salamu. Cha kwanza ni kifo cha macho, pale mwanga unapomtoka mtu na dunia yote ikabaki sauti na harufu. Cha pili ni kifo cha moyo, pale mtu anapoona kila kitu na asitamani hata kimoja. Waliotutangulia walivipima vifo hivyo viwili kwenye mizani, wakatamka kipi afadhali. Anayedhani walikosea na asikilize yaliyompata mwanamke mmoja ambaye watu wote walimwita Kapteni.

Kapteni alirusha ndege kwa miaka ishirini na sita. Zilikuwa ndege ndogo, za injini moja au mbili, zilizobeba chanjo, barua, walimu waliohamishwa na mara nyingine jeneza. Alizipenda kama mtu anavyowapenda watoto wa dadake: kwa upole, bila kujidanganya kuhusu tabia zao. Kisha presha ya macho ikamnyemelea kimya kimya kama mwizi mwenye soksi. Kwanza taa za barabara ya kutulia ndege zilianza kuvaa maduara ya rangi. Halafu pembe za dunia zikafifia, kama picha iliyoanikwa juani. Siku daktari wa marubani alipompima, alirudia kipimo kilekile mara tatu, na Kapteni akaelewa. Leseni aliirudisha mwenyewe kabla hajaombwa. Mwaka uliofuata, giza likafunga mlango wa mwisho.

Miezi minne alilala ameuelekea ukuta asiouona. Chakula alikila kwa kusukumiwa, na maneno yalimtoka kwa kupimwa. Mdogo wake, mshonaji wa mapazia aliyekuwa akiishi naye, alivumilia mpaka uvumilivu ukamwishia.

"Dada, amka," alimwambia asubuhi moja. "Huo ukuta wenyewe umechoka kutazamwa."

"Niamke niende wapi?"

"Uwanja wa ndege. Mgahawa wa klabu ya ndege umeagiza mapazia mapya. Nataka mtu wa kunishikia futi."

"Kipofu akushikie futi?"

"Futi inashikwa kwa mkono. Uliwahi kumwona nani akiishika kwa macho?"

Kapteni alicheka. Kicheko chenyewe kilimshtua, kwa kuwa alikuwa amesahau kwamba bado anacho. Akaoga, akavaa, akamshika mdogo wake kiwiko, wakaenda.

Mgahawa ule ulikuwa nyuma ya karakana ya ndege, chumba kirefu chenye madirisha mapana yaliyotazama uwanja. Ilikuwa Jumamosi, siku ambayo wapenzi wa ndege walijikusanya kuzunguka meza moja, kila mtu na kikombe chake na ubishi wake. Walikuwemo mwalimu mstaafu wa jiografia na fundi viatu mmoja aliyeandika kwenye daftari herufi za usajili za kila ndege iliyotua hapo tangu ujana wake. Fundi viatu mwenyewe alikuwa hajawahi kupanda ndege hata siku moja. Alijua kina cha bahari na kisigino chake hakijawahi kulowa.

"Ndege ya mabawa ya juu ni mwavuli," mwalimu alikuwa akisema. "Jua halikuchomi, na chini unaona mpaka kuku wa watu."

"Na ya mabawa ya chini ni kitanda," fundi viatu alijibu. "Ikitua, upepo unaipokea kama godoro. Tena inapendeza! Umeshawahi kuona mrembo anayetembea amenyanyua mikono?"

Meza nzima iliangua kicheko. Kapteni alikuwa dirishani, ameshika ncha ya futi, huku mdogo wake akipanda na kushuka kwenye kiti. Mara masikio yake yakadaka mngurumo wa mbali. Akainamisha kichwa.

"Huyo anayekuja yuko juu mno," alisema, kana kwamba anajiambia. "Amechelewa kupunguza injini. Hatatua, atarudia."

Watu waligeukia dirisha. Ndege ikaja, ikaelea juu ya barabara ikikataa kushuka, kisha injini ikanguruma na ikapaa tena kwenda kuzunguka. Fundi viatu alisimama taratibu. "Mama," alisema kwa heshima, "njoo ukae hapa. Hayo mapazia yatajishona."

Tangu siku ile Kapteni hakukosa Jumamosi. Aliwasimulia jinsi ndege inavyotoboa mawingu alfajiri na kutokea upande wa pili, mahali ambapo jua limeshaamka na dunia nzima ni pamba. Aliwaambia kwamba huko juu, jua likiwa mgongoni mwako, kivuli cha ndege yako hutembea juu ya mawingu kikiwa kimezungukwa na duara la rangi zote za upinde wa mvua, na kwamba duara hilo hukufuata wewe tu, kana kwamba mbingu imekutambua. Mwalimu alimweleza sababu yake kisayansi. Fundi viatu alimwomba mwalimu anyamaze. Na Kapteni, akiwa anasimulia, aliyaona yote upya, meupe na makubwa, na akagundua kwamba anga haikuwahi kumhama.

Katika meza hiyo alikuwepo rubani mmoja wa kweli, aliyefanya kazi na Kapteni kwa miaka mingi. Kwa urefu wake walimbandika jina la Twiga. Alikuwa na macho makali kama ya kipanga. Ndege ikiwa bado nukta kwenye upeo, Twiga alishaisoma herufi zake, wakati fundi viatu anahangaika na darubini. Alitania, alitia chumvi, aliwanunulia wengine chai. Lakini Kapteni, asiyeona uso wake, alisikia jambo ambalo wengine hawakulisikia. Kila mara magurudumu ya ndege yalipogusa lami kule nje, kikombe cha Twiga kiligonga kisahani chake. Mara ya kwanza alidhani ni bahati mbaya. Mara ya kumi alijua ni mkono unaotetemeka.

Jumamosi moja alisubiri wengine watawanyike.

"Twiga, ni siku ngapi hujaruka?"

"Ah, Kapteni, kazi za ofisini zimenibana mno."

"Nimekuuliza siku, sijakuuliza kazi."

Twiga alikisogeza kikombe chake pembeni. Kisha alisema, "Miezi saba."

Akamweleza. Tairi lilipasuka akiwa anatua na abiria tisa. Ndege ikaacha lami, ikaingia nyasini, ikaserereka mpaka bawa likasimama kiasi cha hatua tatu kutoka kwenye tangi la mafuta. Hakuna aliyepata hata mchubuko. Abiria walimkumbatia, kampuni ikamwandikia barua ya pongezi. Lakini tangu siku hiyo, kila alipofumba macho aliziona nyasi zikimjia. Mwisho wa mwezi ule, asiporuka na mkaguzi, ruhusa yake ya urubani ingekwisha na kampuni ingemweka kwenye meza ya ofisini moja kwa moja.

"Na ikwishe tu," alimaliza. "Kusema kweli, ninaisubiri ikwishe. Usinitazame hivyo."

"Sikutazami."

"Samahani, Kapteni."

"Usiombe samahani. Sikiliza. Mimi mlango nilifungiwa. Wewe umeufunga mwenyewe, na sasa unataka kumeza ufunguo."

"Kwako ni rahisi kusema. Wewe ni jasiri."

"Jasiri nani? Nililala miezi minne nikitazama ukuta. Nilitolewa hapo kwa kushikishwa futi tu." Alipapasa meza mpaka akaupata mkono wa Twiga. "Nipandishe juu. Nataka kujua mawingu ya siku hizi yakoje. Mimi sina macho na wewe unayo, nayo yanaozea bure ndani ya kikombe."

Twiga aliuondoa mkono wake polepole, akasimama, akatoka bila kuaga. Jumamosi iliyofuata hakuja. Iliyofuata tena hakuja. Kapteni aliumia. Alijilaumu kwamba amekitia kidole kidonda cha mwenzake, na nyumbani akaanza tena kujibu kwa neno moja moja, hata mdogo wake akatishia kumletea futi kitandani.

Zikiwa zimebaki siku nne mwezi kwisha, mlango ulibishwa asubuhi na mapema. Mdogo wake alifungua.

"Kaka Twiga! Mbona umekonda hivyo, unashindana na jina lako?"

"Mwambie Kapteni kwamba mkaguzi amekubali," Twiga alisema. "Kesho saa moja asubuhi, dakika arobaini angani. Kiti cha nyuma kiko wazi. Na mwambie avae sweta kabla sijabadili nia."

Kesho yake Kapteni alipitisha kiganja kwenye ubavu wa ndege, ukiwa na baridi na umande, kama mtu anayemsalimu farasi wake wa zamani. Mkaguzi, mama mmoja wa maneno machache, alikaa mbele kulia. Twiga alikaa kushoto. Kapteni alijifunga mkanda nyuma yao, akavuta pumzi: mafuta, ngozi kuukuu ya viti, vumbi la ramani. Injini ikawaka. Ndege ikakimbia, ikatikisika, kisha ardhi ikawaachia taratibu, kama mkono wa mtu aliyepitiwa na usingizi.

"Niambie," alisema Kapteni.

"Futi elfu mbili. Mawingu kiasi. Upepo wa—"

"Sikukuomba taarifa ya hali ya hewa. Niambie."

Halafu Twiga akaanza, kwa kusitasita kama mtu anayesoma barua ya siri. Alisema ukungu umelala mabondeni kama maziwa kwenye bakuli. Alisema mto umeshika rangi ya jua na unaonekana kama uzi ulioangushwa na mshonaji. Kuna mtu ameanika shuka nyeupe juu ya paa. Kuna barabara tupu, na juu yake baiskeli moja, na mwenye baiskeli amesimama kuwatazama. Jua lilihama kutoka shavu la kushoto la Kapteni likaja la kulia, akajua wamegeuka. Kisha hewa ikawa nyevu na yenye mitikisiko midogo, na baada ya hapo utulivu mtupu, na joto jembamba likaja kutoka nyuma, likamfunika shingo na mashavu.

"Tumetoka juu ya mawingu," alinong'ona.

"Tumetoka," alisema Twiga. "Na Kapteni, kile kivuli kipo. Na duara lake. Kinatufuata." Akacheka, kicheko cha mtu aliyekutana na ndugu yake stendi.

Kwa dakika nyingi walielea tu katika weupe ule ambao mmoja aliuona kwa macho na mwingine kwa mashavu.

Lakini kila kilichopanda hushuka. Walipoelekezwa kwenye barabara ya kutulia, sauti ya Twiga ilikatika. Kapteni aliisikia pumzi yake ikifupika, na ndege ikaanza kuyumba.

"Chukua," alimwambia mkaguzi. "Tafadhali, chukua wewe."

Mkaguzi alisogeza mikono karibu na usukani wa upande wake, lakini hakuushika bado.

"Twiga," Kapteni alisema kwa upole, "unaona nini?"

"Nyasi."

"Barabara je, ipo?"

"Ipo."

"Na tairi lililopasuka?"

"Hilo... hilo silioni."

"Na mimi silioni. Basi leo tuko sawa. Mwendo wako ukoje?"

Twiga alitazama saa za vipimo mbele yake kana kwamba ndiyo kwanza anaziona. "Umezidi. Nimekuja kwa kasi mno."

Kapteni hakumwambia la kufanya, wala mkaguzi. Sekunde mbili zilipita, ndefu kama msimu. Kisha mkono wa Twiga ukasukuma kishikio cha injini mpaka mwisho. "Narudia!" alisema kwa sauti, na ndege ikapanda tena, ikawakandamiza wote watatu vitini.

Mara ya pili hakunyamaza. Alishuka akisimulia kila kitu, kwa Kapteni na kwa nafsi yake. "Nyasi kushoto. Nyasi kulia. Lami katikati, pana, kavu. Mwendo sawa. Naweka pua sawa. Napunguza injini. Ninaingoja. Ninaingoja lami..." Magurudumu yakagusa, ndege ikadunda kidogo kama mpira, yakagusa tena, yakatulia.

Mkaguzi alirudisha mikono yake mapajani. "Ruhusa nimeiongeza," alisema. Hayo tu.

Injini ilipozimwa, Twiga alibaki ameinamia usukani, mabega yakimtikisika. Kisha alisema, "Samahani, Kapteni. Nimedunda."

"Umedunda," Kapteni alikubali, huku machozi yakimtiririka naye kutoka katika macho yasiyofanya kazi nyingine tena. "Anayetua hudunda. Asiyedunda ni aliyekaa mezani."

Wiki iliyofuata Twiga alirudi kubeba chanjo na walimu. Hofu haikumwisha yote. Alisema huja nayo ndani ya ndege kama abiria mwenye tiketi, ila siku hizi haikai kiti cha mbele. Kapteni naye aliombwa na klabu kuwafundisha marubani wapya. Huwakalisha ndani ya ndege iliyozimwa, huwaambia wafumbe macho, kisha huwauliza dunia iko upande gani. Macho yake hayakurudi, na daktari hajamdanganya kwamba yatarudi. Siku ambayo fundi viatu hatimaye alipanda ndege kwa mara ya kwanza, Twiga akiwa usukanini, fundi huyo aliona haya kueleza alichokiona, akamwachia Kapteni aeleze kwa niaba yake.

Aliyekuwa na macho ya kipanga alikuwa amepotea mchana kweupe, na asiyeona hata kiganja chake ndiye aliyemrejesha njiani. Hukumu ni ileile iliyotolewa zamani, wala haina rufaa: heri kufa macho kuliko kufa moyo.