Pikipiki Iliyolala Chiweta

Aliyeanguka haulizwi kwao. Mmeisikia leo kwa bibi muuza ndizi, mkanijia mbio kuniuliza ilikotoka. Kaeni basi. Hapa kwetu Kyela ilianza hivi.

Andongwisye, fundi seremala, alipata habari kwamba bintiye aliyeolewa Malawi, kule Rumphi, amejifungua mtoto wa kiume. Mjukuu wa kwanza! Akafunga mchele na kanga mpya nyuma ya pikipiki, akavuka mpaka asubuhi na mapema. Majirani walikuwa wamemwonya: "Huko usisimame ovyo. Hujui mtu." Maneno hayo yakamkaa moyoni.

Alikwenda vizuri mpaka alipoanza kupanda mlima wa Chiweta. Kwenye kona moja mbuzi walikurupuka kutoka majanini. Alikamata breki, gurudumu la mbele likateleza kwenye changarawe, akaenda chini. Alipofumbua macho, mguu wake ulikuwa umebanwa na pikipiki, mkoba wenye pasipoti umerukia bondeni, na petroli ilidondoka karibu kabisa na bomba la moshi lililokuwa likifukuta joto. Alisukuma kwa nguvu zote. Wapi!

"Nafia hapa," alijisemea, "na hakuna atakayejua mimi ni nani."

Wanawake wawili waliokuwa wakilima kando ya barabara walitupa majembe, wakaja mbio. Andongwisye akajikaza aonekane mzima, maana alikuwa bado na onyo la majirani. Yule mkubwa, NyaGondwe, alimwagia petroli udongo, kisha yeye na yule mdogo, mke wa mwanawe, wakainua pikipiki kwa pamoja. NyaGondwe akachana kitenge chake, akaufunga mguu uliokuwa ukichuruzika damu, akasimamisha lori la kabichi, akapanda naye hadi zahanati.

Huko muuguzi alifungua daftari, akaanza kuuliza kwa Kitumbuka: jina, kijiji, nchi. Andongwisye hakuelewa ila neno moja, pasipoti, na yake ilikuwa bondeni. NyaGondwe akasema jambo kwa sauti kali. Muuguzi akacheka, akaweka kalamu chini, akachukua sindano.

"Umemwambia nini, mama?" aliuliza Andongwisye kwa Kiswahili, bila kutumaini kujibiwa.

"Nimemwambia amshone mtu kwanza," alijibu mama yule, naye kwa Kiswahili, kwani alikaa Mbeya miaka mingi. "Aliyeanguka haulizwi kwao. Tulia, baba. Mfupa ni mzima."

Alishonwa nyuzi saba. Kabla ya jioni yule mkwe wa NyaGondwe aliingia, nywele zimejaa majani makavu, ule mkoba wa bondeni mkononi.

"Pasipoti imo," NyaGondwe alimtafsiria. "Na pikipiki iko uani kwetu."

Hapo Andongwisye alilia, mtu mzima yule, wala hakujificha.

Kesho yake mume wa bintiye alipata habari, akaja kumchukua hadi Rumphi. Huko Andongwisye akampakata mjukuu, mguu kaunyoosha kwenye kigoda, akicheka peke yake.

Aliporudi Kyela, siku ya gulio, mgeni mmoja alianguka na baiskeli. Watu wakamzunguka: "Wa wapi huyu? Mtoto wa nani?" Andongwisye akawapenya akichechemea, akainama.

"Lete mkono, mwanangu," alisema. Kisha akawageukia wenziwe: "Nanyi shikeni huku. Aliyeanguka haulizwi kwao."