Beki Asiyekosea

Palikuwa na mchezaji mmoja, jina lake Lusajo, aliyecheza beki ya kushoto. Katika timu yake ya kwanza, angali kijana, alijaribu kuutuliza mpira mbele ya lango, ukamponyoka, wakafungwa. Wiki iliyofuata aliambiwa afungashe virago.

Tangu siku hiyo hofu haikumtoka. Alihama timu baada ya timu, kwa mikataba ya msimu mmoja mmoja, mara kwa wachimba madini, mara kwa askari magereza, na kote alicheza vilevile: mpira ukimfikia, aliusukuma haraka kwa mwenzake wa karibu. Makocha walimsifu kwamba hakosei. Hawakuwa na sifa nyingine ya kumpa, na msimu ukiisha walimwacha.

Akafika kwenye timu ya kiwanda cha chai. Beki wa kati pale aliitwa Ngwisa, mtu mpole, aliyempa chumba nyumbani kwake na kula naye sahani moja. Uwanjani pia Ngwisa alipokea kila alichopewa. Alikabiliana na washambuliaji, akakosea, akatukanwa na mashabiki. Lusajo aliyasikia matusi yale, akamshukuru Mungu kwamba hayakuwa yake.

Siku moja mvua ilinyesha, uwanja ukawa tope tupu. Mpira ulimjia Lusajo, na mshambuliaji anamkimbilia kwa kasi. Alikuwa na nafasi ya kuubutua nje. Lakini aliusukuma kwa Ngwisa kama kawaida yake. Mpira ukanasa njiani kwenye tope. Ngwisa akajirusha kuuwahi, akagongana na yule mshambuliaji, mguu ukavunjika.

Lusajo alipokwenda kumtazama hospitali, alianza kulilaumu tope. Ngwisa alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema taratibu, "Ndugu yangu, kila mpira uliokutisha ulinisukumia mimi."

Wiki ileile kocha alimwita Lusajo, akamwambia kwamba sasa yeye ndiye atakayecheza katikati, mahali pa Ngwisa, kwa kuwa hakosei. Mechi ilipoanza, mpira ulimjia. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akitafuta wa kumpa. Wenzake, waliokuwa wameyaona yaliyompata Ngwisa, walirudi nyuma. Washambuliaji walikuwa wanakuja.

Nanyi mnaosema hamjawahi kukosea, ni nani aliyevunjika kwa niaba yenu?