Nyanya Zilizofungwa Minyororo

Hapo zamani, katika mji wa Kishakani, palikuwa na Sultani aliyependa kuamuru kuliko alivyopenda kula. Akiamka aliamuru, akienda kulala aliamuru, na watu wake wakazoea kuitika "labeka" hata kabla ya kusikia wanaambiwa nini.

Basi siku moja Sultani alikuwa akitembea bustanini mwake, akaona miche ya nyanya iliyopandwa vyunguni imetoa maua ya manjano. Akamwita mtunza bustani, Mzee Vuai, akamwambia, "Ijumaa nina mgeni mkubwa. Nataka nyanya hizi mezani, nyekundu."

Mzee Vuai akainama. "Bwana wangu, leo ni maua tu. Yataanguka, matunda yatunge, yakue, kisha ndipo yaive. Ni mwezi mmoja na nusu hivi."

"Mwezi na nusu!" Sultani akafoka. "Jeshi langu nikiliamuru huondoka siku ile ile. Nyanya ni nani?"

Akaamuru mbiu ipigwe mji mzima, ya kwamba yeyote atakayechelewesha nyanya za Sultani atiwe gerezani mpaka atii.

Ijumaa ikafika, na juu ya miche hapakuwa na kitu ila vijitunda vya kijani mfano wa punje za mbaazi. Mgeni akala samaki wa ukwaju, na Mzee Vuai akatiwa minyororo.

Katika mji ule alikuwapo mtu mmoja jina lake Faki, fukara asiye na mali ila kanzu moja na mdomo. Aliposikia yaliyompata Vuai, jirani yake, akaenda moja kwa moja barazani kwa Sultani.

"Una nini tena, Faki?" akauliza Sultani.

"Nimekuja kushtaki, bwana wangu. Askari wako wamemkamata asiye na hatia, na wenye hatia wamewaacha nje wanaota jua."

"Wenye hatia gani?"

"Nyanya. Mzee Vuai aliposikia mbiu alizimwagilia siku ile ile. Zilizochelewa ni zenyewe. Mbiu ilisema yeyote, nazo hata leo zinanyweshwa maji katika bustani yako."

Waziri akacheka. "Mpumbavu wee! Nyanya hufungwa?"

"Mheshimiwa Waziri, mimi ni mpumbavu, sijui. Aliyeziamuru ni bwana wangu. Ikiwa haziamriki, basi na ipigwe mbiu nyingine, watu wajue ya kwamba amri ya Sultani haifiki hata chunguni."

Sultani akatazama huku na huku. Kila mtu barazani alikuwa akitazama miguu yake mwenyewe.

"Zifungwe!" akasema. "Na Vuai atoke azihudumie. Lakini zikifa bila kutii, wewe na yeye mtaingia mahali pao."

Ikawa vyungu vile vikazungushiwa minyororo, vikawekwa katika uwanja wa gereza. Kila asubuhi askari mwenye upanga akazisomea amri ya Sultani, na Mzee Vuai akazimwagilia. Wanawake waliokwenda kisimani wakauliza kwa sauti, "Jamani, wafungwa wameamkaje?"

"Bado wakaidi," askari akajibu, na jasho likimtoka.

Mwezi ukapita, na nusu ya mwezi wa pili, nyanya zikaiva, nyekundu pyu. Sultani akaja mwenyewe na wakuu wake wote.

"Mwaona?" akasema. "Zimetii!" Wakuu wakapiga makofi.

Faki akapiga magoti. "Zimetii, bwana wangu. Gereza lako lina nguvu. Hata nyanya za Bi Mwanaidi, yule mjane wa huko mwisho wa mji, zilitoa maua siku moja na hizi, na asubuhi hii nazo zimeiva. Bibi mwenyewe ni kiziwi, mbiu hakuisikia. Nadhani nyanya zake zilisikia."

Mtu mmoja nyuma akaguna, wa pili akajikohoza, na mara uwanja mzima ukawa kicheko.

Mlinzi wa gereza, ambaye hakuelewa lolote, akauliza, "Bwana wangu, maadamu zimetii, nizifungue?"

"Zifungue," akasema Sultani kwa sauti ndogo.

"Na Mzee Vuai?" akauliza Faki.

"Aende kwake, hana kosa. Na wewe ondoka mbele ya macho yangu, uchukue na hizo nyanya!"

Basi Faki na Vuai wakaondoka na kapu zima, wakawapikia majirani mchuzi. Sultani kwa aibu hakutia mguu bustanini mwaka mzima, na bustani ikastawi ajabu.