Koti la Nahodha wa Kilimia

Sogeeni, na huyo anayetafuna mahindi amalize kabisa, maana nikianza sitaki kusikia meno ya mtu. Leo siwachekeshi. Leo nawatia hofu, kisha nawapa kesi mniamulie, kwa kuwa mimi mwenyewe imenishinda.

Sisi wazee wenu tulikuwa na ugonjwa mmoja, na ugonjwa huo uliitwa Kilimia. Kilikuwa kipindi cha televisheni cha zamani, cha picha nyeusi na nyeupe, kuhusu chombo kilichozurura angani kikitafuta sayari ya kukaa binadamu. Msicheke! Najua chombo chenyewe kilikuwa sufuria mbili zimefunikanishwa, na kamba iliyokining'iniza ilionekana wazi. Kamba ikionekana, sote tulipiga makofi. Wageni wa sayari walikuwa watu waliopakwa unga wa muhogo usoni. Lakini tuliwapenda, jamani, na kipindi kilipokoma watu wazima walilia hadharani.

Katika wapenzi hao, watatu walitushinda sote.

Mkawasi, muuza mitumba, alijaliwa kumbukumbu. Mtajie sehemu yoyote ya Kilimia, atakwambia nani alisema nini, nani alikohoa, na ni wapi paka alipita nyuma ya sayari.

Mwadime, seremala, alijaliwa mikono. Vitu vya ndani ya chombo, kuanzia kiti cha Nahodha mpaka mlango, alivichonga upya kwa mbao ngumu akaviweka kwenye ukumbi wa zamani wa shamba la mkonge, pale tulipokuwa tukikutana.

Maghanga, mpiga tarumbeta wa bendi ya kanisa, alijaliwa pumzi. Wimbo wa kufungulia kipindi aliupuliza wote bila kuvuta hewa katikati, nasi tukimtazama mishipa ya shingo tukisema leo ataanguka huyu.

Sasa shikeni desturi yetu, maana ndiyo iliyotaka kutuua. Kila mwaka tulikusanyika ukumbini kutazama sehemu moja kwenye mkanda. Madirisha tuliyaziba kwa vitambaa vyeusi ili pawe anga. Tulichoma ubani uwe ukungu wa sayari. Mlango tuliukomea kwa makomeo ya mti, na haukufunguliwa mpaka kipindi kiishe, kwani nani amewahi kufungua mlango wa chombo angani? Tena watu wa kwenye kioo cha televisheni wakifanya jambo, nasi tunalifanya. Wakiinama, tunainama. Wakianguka, tunaanguka. Watu wazima na akili zao!

Mwaka huo mgeni wetu alikuwa Nahodha mwenyewe. Bi Zamzam, mama wa Mombasa aliyeigiza Nahodha wa Kilimia enzi za usichana wake, alikuja akiwa bibi mwembamba, amevaa koti lile lile linalometameta la kipindini. Mkawasi alipomwona alishika ukuta asianguke.

"Shikamoo, Nahodha."

"Marahaba, mwanangu. Kumbe bado mnanikumbuka?"

"Tukusahau vipi, mama?"

Tukamkalisha kwenye kiti cha Nahodha, mbele kabisa karibu na kioo. Mimi nikakaa ubavuni pake nimshikie maji.

Mchana ule ilinyesha mvua ya kung'oa mabati, na stima ikapotea. Tulikuwa na jenereta, na siku zote ilikaa nje chini ya upenu, lakini upepo ulikuwa unaipeleka mvua huko huko. Maghanga akaiingiza kwenye stoo iliyo nyuma ya kioo, akapitisha waya, akaurudishia mlango wa stoo. "Isilowe," akasema, na hakuna aliyempinga. Sehemu ya kutazama aliichagua Mkawasi: ile ambayo hewa ya chombo inakwisha, mabaharia wanalala mmoja mmoja, na Nahodha anabaki macho peke yake akiwaita waamke.

Mmeshaona tunakoelekea, eti? Basi sisi hatukuona.

Kwenye kioo mpishi akalala. Ukumbini watu wakajilaza, wanacheka. Daktari akalala, na wengine wakajilaza. Kichwa kilikuwa kinanigonga, nikasema ni huu ubani. Miguu ikawa mizito, nikasema ni uzee. Baba mmoja alitapika kwenye leso yake, na jirani yake akamsifu kwa kuigiza vizuri. Nilipogeuka nyuma niliona watu wamelala juu ya mabenchi, watoto na wakubwa, na kicheko kimekoma. Hapo hofu ikaniingia, lakini sikujua naogopa nini.

Bi Zamzam alikuwa akisema maneno yake pamoja na kioo, sauti ya uzee juu ya sauti ya ujana. "Amkeni, bado hatujafika. Amkeni..." Sauti ya ujana ikaendelea. Ya uzee ikakatika. Kichwa chake kikaangukia kifuani, na waliobaki macho wakampigia makofi.

Mkawasi hakupiga. Alisimama akapiga ukelele.

"Nahodha halali! Sehemu hii Nahodha halali hata kidogo!"

"Shii! Keti, unatuharibia."

"Haigizi huyu! Nawaambia haigizi! Hewa imechafuka humu, tokeni!"

Walidhani naye anaigiza. Akanijia mimi akanizaba kofi la kunitoa machozi, nikazinduka. Akaenda benchi kwa benchi akizaba watu, mchungaji kwa mtoto, bila kuomba radhi. Anayefungua macho anamwacha, anahamia kwa mwenzake. Sote tulikipenda kile kipindi, lakini ni yeye tu aliyekijua kiasi cha kutambua kwamba kifo kimeingia ndani yake. Bila Mkawasi tungekufa tukishangilia.

Lakini kuamka si kutoka. Tulikimbilia mlango, na makomeo yalikuwa yamevimba kwa unyevu, hayasogei. Watu wakasukumana. Mama mmoja akawa anaita jina la mwanawe, mwingine akaanza Baba Yetu akakwama katikati, akaanza tena. Nilijua nakufa. Na mnajua niliwaza nini? Maharagwe niliyoyaacha jikoni. Mtu anakufa anawaza maharagwe!

Mwadime akapenya kati yetu. "Rudini nyuma! Huu mlango nimeuzaa mimi!" Vishikizo vya yale makomeo alikuwa amevikaza kwa vigingi vya mti bila msumari hata mmoja, kwa sababu ndivyo alivyoona kwenye kipindi. Kwa hiyo alijua pa kugonga. Akanyanyua benchi, akagonga kishikizo kwa chini kikang'oka, akagonga kingine, na benchi lilipovunjika akamalizia kwa mikono mitupu. Vidole vyake viwili havijanyooka mpaka leo. Mlango ukafunguka, mvua ikatupiga usoni, na sijapata kuipenda mvua namna ile. Bila Mwadime tungekufa tukiwa macho, na hicho ni kifo kibaya zaidi.

Tukatambaa, tukaburutana, tukatoka. Nikatazama huku na huku.

"Jamani, Nahodha yuko wapi?"

Alikuwa bado kwenye kiti chake, mbele kule, pale sumu inapotokea, na jenereta inanguruma vile vile. Vijana waliojaribu kumfuata walirudi wanapepesuka kama walevi.

Maghanga akasimama kizingitini. "Naogopa, Wakesho," akaniambia, mtu mzima yule, mwenye wajukuu. Kisha akavuta pumzi ile ya tarumbeta, akaingia.

Tukangoja. Jenereta ikazimika, na kioo nacho kikazimika, ndani kukawa giza. Tukasikia kiti kinaanguka, halafu kimya. Mkawasi alinikamata mkono mpaka kucha zikaingia. Mimi niliibana pumzi yangu ili nijue yake imebaki kiasi gani, na yangu ikaisha, nikavuta nyingine, ikaisha nayo, na Maghanga hajatoka. Nikasema basi, tumepoteza wawili. Ndipo alipotokea na bibi wa watu begani, uso umemwiva, na hakuachia pumzi mpaka alipomlaza kwenye majani. Bila Maghanga, Bi Zamzam angezikwa na koti lake.

Hakufa mtu, Mungu ashukuriwe. Daktari wa hospitali alituambia kwamba moshi wa jenereta iliyofungiwa ndani una sumu isiyonuka, inayomlaza mtu moja kwa moja, na kwamba Bi Zamzam alibakiza kidogo sana afe. Kifua chake hakikurudi sawa.

Alipopata nguvu ya kuketi, akawaita wale watatu kitandani. Mimi nilikuwapo.

"Wanangu, mikanda ya Kilimia karibu yote imepotea, na wenzangu wote wamekwenda. Mtoto sina. Kilichobaki ni hili koti. Nataka alivae aliyeniokoa, na nikifa akae kwenye kiti changu, awe Nahodha wenu. Msilikate, wala msilivae kwa zamu. Nahodha ni mmoja."

Mkawasi akasema, "Mama, kama nisingepiga ukelele, hawa wangekuwa wamelala. Maiti havunji mlango."

Mwadime akasema, "Na kama nisingevunja mlango, ukelele wako ungesikika mbinguni. Na huyu angetumia pumzi yake kusukumana nasi."

Maghanga akasema, "Nyote wawili mlikuwa nje, mmeshika vichwa. Nani alirudi ndani?"

"Kurudi lilikuwa deni lako!" Mkawasi akamkata. "Nani aliingiza jenereta?"

"Na nani alichagua sehemu ya watu kulala?"

"Na nani alitengeneza mlango wa jela?"

Ai! Maneno yalitoka pale ambayo siwezi kuyarudia mbele ya watoto. Watu waliopendana tangu ujana, waliokuwa wakipiga makofi pamoja kwa ajili ya kamba, wakatoka chumbani kila mmoja na njia yake. Hawasalimiani mpaka hivi leo. Mwaka huu ukumbi haukufunguliwa.

Siku chache baada ya ugomvi huo, Bi Zamzam aliniita peke yangu akanishika mkono. "Wakesho, siku ile sikuogopa. Nilikuwa nimelala. Sasa ndiyo naogopa. Hawa wakigombana, nani atanikumbuka?" Akanipa koti. "Uliketi ubavuni pangu, uliona yote. Mpe anayestahili, nami nione kabla sijaondoka. Uamuzi wako watauheshimu, wameniapia mmoja mmoja."

Leo asubuhi wamenipigia simu kutoka hospitali. Hali ya Bi Zamzam si nzuri, na wale watatu wameshafika, wamesimama pande tatu za kitanda, hakuna anayemtazama mwenzake. Koti ndilo hili, limo kwenye mfuko huu mapajani mwangu. Gari la kunichukua liko njiani. Nikimpa mmoja, wawili nitawavunja moyo mbele ya mama anayekufa. Nikirudi nalo, atakufa na hofu yake.

Haya, nimemaliza, wala msinitazame mimi. Wewe uliyekaa kimya hapo kwenye mkeka, na wewe, na wewe mwenye mahindi: nikifika kwenye kile kitanda, koti nimvishe nani?