Chenga na Ngoma ya Mzee Interferoni

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Nani anapiga chafya huko nyuma?"

"Si sisi!"

Haya, najifanya nimeamini. Sikilizeni.

Kifuani mwa Bibi Panya mlikuwa na mlinzi, Afande Bonge. Nguvu anazo, na ulafi usiseme. Akimwonja tu mgeni, anavimba, vuu! Wanakuwa Bonge wawili, kisha wanne, na wote wana njaa.

Mlikuwa pia na mpiga ngoma, Mzee Interferoni, anayejiona ndiye mwenye nyumba. Kazi yake kuuonya mwili ukivamiwa na virusi. Hatazami hata sura. Akiona uzi wa kirusi, anapiga: gu! gu! gu! Hapo amri ni moja: fungeni milango ya vyumba, kirusi asipate pa kuzaliana, wekeni vijiko chini, asile mtu, asizae mtu. Amri nzuri kweli, maana inamhusu hata mlinzi!

Nje alikuwa Chenga, kijidudu asiyefika hata kwenye ukucha wa Bonge. Jua linamkausha, na ana mimba. Asipoingia, anakufa yeye na wanawe. Basi akaokota nyuzi za kirusi aliyekufa zamani, akarusha mmoja ndani.

"Virusi!" akapayuka Mzee Interferoni. Gu! gu! gu!

Milango, pa! pa! pa! Bonge akaweka kijiko chini. Chenga akaingia taratibu kwa njia ya pua, anapiga mluzi.

"Nakuona, wee!" Bonge akanguruma.

"Shikamoo, Afande. Haya, njoo unile."

"Ngoma inalia. Siruhusiwi."

"Pole. Na milango ya vyumba imefungwa?"

"Yote!"

"Haidhuru. Mimi nalala barazani."

Akalala barazani, akazaa. Ngoma ikitaka kunyamaza, anarusha uzi mwingine. Gu! gu! gu!

"Mzee," Bonge akasema, machozi yanamtoka, "huyu si kirusi! Nyumba inaanguka! Niruhusu nimle mmoja tu!"

"Unanifundisha kazi? Ngoma hii naipiga tangu hujazaliwa!"

Bonge akasimama wima, akapiga saluti. Bonge yule yule mmoja, na njaa yake. Bibi Panya akatetemeka, akapiga chafya, akaanguka, pu! Ngoma ikanyamaza yenyewe.

Chenga? Alishatoka na ile chafya. Yuko mlangoni kwa panya wa jirani, uzi mkononi.

Nimefika mwisho. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, msinirudishie mimi.

Na funzo, wanangu: watiini wakubwa, hasa wenye ngoma. Bonge alitii mpaka mwisho, na hakubaki hata mmoja wa kumlaumu.